Msafara Usio na Mpagazi



Ikiwa nyumbani kwako yupo kijana mwenye kukesha mbele ya kompyuta, huenda umekwisha kusikia habari za michezo ya kubuni ichezwayo na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti, ambayo mlangoni hailipiwi kitu. Leo tuupime mmoja wao, Silkroad Online, uliotengenezwa na kampuni ya Joymax ya Korea Kusini katikati ya miaka ya 2000. Tumeuchagua huu kwa kuwa habari yake ni misafara, na sisi watu wa Tabora ni watoto wa njia ya misafara.

Mchezo umewekwa katika karne ya 7 ya Miladi, karne ile ile ya Hijra, katika Njia ya Hariri baina ya China na Ulaya. Mchezaji hupigana na mazimwi, kisha huchagua kazi: mfanyabiashara apakiaye bidhaa juu ya wanyama, mwindaji alindaye msafara, au mwizi auviziaye. Tuseme haki: mpango huu ni wa akili. Wamfundisha kijana kwamba mali haisafiri peke yake, na kwamba shehena ikizidi, hatari nayo huzidi.

Lakini tazama kasoro zake. Humo wizi ni kazi kama kazi nyingine, yenye cheo na ujira. Sharia yetu huhesabu kukata njia kuwa katika makosa makubwa mno, na Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alikwenda Sham na mali ya Bibi Khadija, akasifiwa kwa uaminifu. Msafara kwetu ni amana.

Kasoro ya pili haionekani upesi: hakuna mpagazi. Njia yetu ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji haikuwa hivyo. Pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya Wanyamwezi, kila mtu na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Nguo na ushanga zikapanda bara vivyo hivyo. Mwaka 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ilifungwa, na waliokufa hawakuamka kucheza tena. Wala tusijifiche: wapo watu waliokokotwa kwa minyororo, na miongoni mwa wenye misafara walikuwamo Waislamu. Kijana aijuaye misafara kwa mchezo tu atadhani utajiri wa njia haukumuumiza mtu.

Ama hilo neno "bure", lipime vizuri. Kuingia ni bure, lakini ndani lipo duka, na fedha yake iitwayo Silk hununuliwa kwa fedha halisi. Asiyekuwa nayo hulipa kwa saa za usiku, na Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Suratul-Asr. Hongo ya watemi ilidaiwa waziwazi njiani. Hii hudaiwa mtu akiwa amekwisha zama.

Basi, mzazi, usianze kwa kugombeza. Mpeleke mwanao Kwihara, penye tembe la Livingstone, umsimulie ni nani waliobeba mizigo. Akiujua uzito wa mzigo, hataona wizi wa msafara kuwa ni mchezo.

Wabillahi tawfiq.