Mkasi wa Januari 2016

Wanasiasa wana watu wa kuwasema, mimi nabaki na mitambo. Na kwa upande wa mitambo, uamuzi wa Januari 27, 2016 ulikuwa mbovu.

Mnakumbuka. Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari, alisimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge mubashara. Gharama ni shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, alisema, tena mchana watu wako kazini. Tukapewa "Leo katika Bunge", saa nne hadi saa tano usiku. Kuhusu kazi hakukosea: Januari huku kwetu Kilombero, kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, watu wako kwenye mpunga. Ila mwezi huohuo kivuko cha Mto Kilombero kilipinduka, na mtu aliyekuwa akivuka kila wiki kwenda Ulanga alitaka kusikia serikali inaulizwa nini, neno kwa neno, si vipande alivyochaguliwa na mtu asiyewahi kupanda kivuko hicho.

Tazama kazi yenyewe sasa. Kikao mubashara kinamtaka kijana wa chini kabisa, yule mvuta nyaya aliyeachiwa kamera ya pembeni, ajue nani atasimama kabla hajasimama. Likitoka neno "mwongozo", kamera iwe imeshageuka, fundi sauti awe ameshapandisha maiki, mchanganya picha avute pumzi kidogo ndipo akate. Ukichelewa, nchi nzima imekuona, na kesho huchelewi. Halafu ukumbi ule hauna ukorofi: taa ni zilezile, viti havihami, Spika anakutajia jina la anayefuata. Uwanja gani wa mpira utakupa huruma hiyo?

Mkasi ulihamishia kazi mezani. Mhariri mmoja, kompyuta moja, kikao cha kutwa kibanwe kiwe saa moja. Anayebana hukata kwanza kelele, kukatizana na kusita, na humo ndimo mjadala ulimo.

Baadaye vituo binafsi vikaelekezwa kuchukua picha za studio ya Bunge. Picha ni safi, sina neno. Lakini fundi mchanga wa kituo binafsi alibakiwa na nini? Kupokea mawimbi, kubandika nembo, na kutembeza ule utepe wa maandishi unaoziba kidevu cha msemaji, ambao nimeshaupigia kelele mpaka koo limekauka.

Zamani shule ya mafundi ilikuwepo. Tido Mhando alipoiongoza TBC, uchaguzi wa 2010 ulituletea "Mchakato Majimboni". Mitambo iliwafuata wagombea kwa wapigakura wao. Kazi ya nje namna ile ndiyo humfunza kijana jenereta inayokohoa, upepo kwenye maiki na umati usiotulia.

Wakubwa walihesabu bilioni 4.2 wakasahau kuhesabu mafundi. Kijana aliyeikosa shule ile ndiye leo, kwenye mpira wa mubashara, anayekurudishia faulo ya dakika mbili zilizopita huku kona inapigwa.