Chemshabongo zetu zahesabu herufi, Kiswahili chahesabu silabi

WAHAKIKI wetu husoma riwaya, tamthilia na diwani za mashairi, kisha hulikunja gazeti bila kuutupia jicho ule mraba mdogo wa chemshabongo uliobanwa karibu na katuni. Mimi nauhesabu mraba huo kuwa utanzu. Una mtunzi, una kanuni, na una hadhira inayourudia kila siku, tena pengine kubwa kuliko hadhira ya wengi wetu tunaoandika vitabu. Leo basi tuuhakiki kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote: raha yake ni ipi, kero yake ni ipi, na kero hiyo chanzo chake nini?

Hapa Keringet, kwenye barabara ya Molo kuelekea Olenguruone, gazeti moja huishi maisha marefu. Husomwa dukani asubuhi, likahamia kwa kinyozi adhuhuri, na ifikapo jioni habari zake zote zimekwisha kuchakaa ila mraba bado una visanduku vitupu. Hapo ndipo watu wanapousogelea: mkulima aliyetoka kuchimba viazi, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, mwalimu mstaafu, nami na miwani yangu. Mmoja hushika kalamu, wengine hutupa maneno. Wengi wao nyumbani huzungumza Kikipsigis, lakini kwenye mraba ni Kiswahili tu, tena Kiswahili cha kutafutana nacho.

Raha yake naijua vizuri. Kiswahili humpa mfumbuaji zawadi ambazo Kiingereza hakimpi. Kidokezo kikitaja vitu vingi vya ngeli ya KI-VI, tayari unaandika V kwenye kisanduku cha kwanza hata kabla hujalijua neno. Kikitaka kitenzi chenye asili ya Kibantu, unatia A mwishoni bila kuogopa. Na kama herufi ya mwisho imekwisha kujitokeza kuwa I, E au U, akili inakimbilia vitenzi tulivyovipokea kutoka Kiarabu: fikiri, samehe, jibu. Ukiona C, inayofuata ni H, hakuna mjadala. Kwa maneno mengine, mtu anayejaza mraba anafanya mofolojia na fonolojia bila kujua kwamba anafanya hivyo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huyalalamikia mambo hayo hayo darasani. Kwa kinyozi yanaitwa burudani.

Sasa kero. Ya kwanza ni vidokezo vyenyewe. Vingi vimenakiliwa kutoka kamusini: "kinyume cha kubwa", "mama wa mama", "mnyama afugwaye". Kidokezo cha aina hii hakifumbi chochote. Kinauliza tu kama unakumbuka, na ukikumbuka hupati ile ladha ya kunaswa kisha ukajinasua.

Ya pili ni majibu mawili. Siku moja kidokezo kilisema "zao lichimbwalo ardhini", visanduku vitano. Mkulima akasema KIAZI. Kijana wa bodaboda akasema NDUMA. Yote mawili yana herufi tano, na herufi ya kukutana na neno jingine ilikuwa bado haijapatikana. "Prof, hii kitu iko na majibu mbili!" kijana akalalamika, na malalamiko yake yalikuwa ya haki hata kama sarufi yake ingewaumiza kichwa wasahihishaji wa mitihani. Mraba hukubali jibu moja tu. Nyuma ya jibu hilo moja pana swali kubwa: ni Kiswahili cha nani? Ukiulizwa chombo cha kutazamia habari na picha, visanduku saba vinataka RUNINGA, kumi na kimoja vinataka TELEVISHENI. Mtunzi anapochora visanduku huwa amekwisha kuamua ni Kiswahili cha upande gani wa mpaka kitakachoitwa sahihi leo. Hatuambii kwa nini.

Ya tatu ni kesho. Majibu huchapishwa katika toleo linalofuata, na toleo linalofuata huenda lisifike kwa kinyozi wetu. Hebu linganisha na mapokeo yetu. Mtegaji husema "Kitendawili!" nanyi mkajibu "Tega!" Mkishindwa, anadai mji. Mnampa Mombasa au Nakuru, anausifu mji wake kidogo, kisha anafumbua papo hapo mbele ya wote. Kushindwa kuna bei, na bei ikishalipwa jibu ni haki yako. Chemshabongo ya gazeti haina mji wa kutoa. Ukishindwa umeshindwa peke yako, na neno linabaki kama mwiba kidoleni.

Lakini kero ya nne ndiyo mzizi wa fitina. Kwa nini ALA, ILA, ARI, INI, UTI na UA hurudi kila wiki kama wageni wasiojua kuaga? Watu hudhani mtunzi ni mvivu. La hasha. Mtunzi amefungwa na umbo alilolikopa.

Mraba huu tunajua ulikotoka. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliuchapisha wa kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo kilitoka New York mwaka 1924, na gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa mwaka 1930. Ni mwaka uo huo ambapo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili. Mraba uliundwa kwa ajili ya lugha ambayo neno lake laweza kuanza na kuishia kwa konsonanti yoyote. Kiswahili sivyo. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, na kwa kawaida konsonanti na irabu hupokezana.

Chukua karatasi ujaribu. Andika KAZI mlalo, herufi moja kila kisanduku, kisha ushushe maneno ya herufi nne kutoka kila herufi. Chini ya K na Z utapata maneno bila taabu. Lakini chini ya A na I, neno likifuata mpangilio wetu wa kawaida litakwenda irabu, konsonanti, irabu, konsonanti, na kisanduku cha nne kitadai konsonanti ya kufungia. Kiswahili kinakataa. Ili aponee chupuchupu, mtunzi anachora visanduku vyeusi kila mahali na kukimbilia vijineno vinavyoanza kwa irabu au vyenye irabu mbili zilizoandamana. Hao ndio akina ALA na UA. Ongeza tatizo la ng', sh, dh na wenzao, ambao mtunzi mmoja huwapa kisanduku kimoja na mwingine huwapa viwili, nawe utaelewa kwa nini kalamu hurushwa chini.

Dawa ninayoipendekeza ni nyepesi: kila kisanduku kipewe silabi badala ya herufi. Wajapani wanafanya hivyo. Katika chemshabongo zao kisanduku kimoja hubeba alama moja ya kana, ambayo kwa kawaida ni silabi nzima, na magazeti yao hayajaanguka. Rudi sasa kwenye karatasi yako. Mstari wa juu andika KA, ZI. Mstari wa chini andika TA, KA. Soma mlalo: KAZI, TAKA. Soma wima: KATA, ZIKA. Visanduku vinne, maneno manne kamili, hakuna hata kisanduku kimoja cheusi. Na NG'OMBE anaingia kwenye visanduku viwili bila ugomvi wowote.

Msidhani naiga Japani. Ushahidi wa nyumbani unatosha. Mshairi wetu hahesabu herufi, anahesabu mizani, yaani silabi: nane katika mshororo wa utenzi wa kawaida, kumi na sita katika shairi la mathnawi au tarbia. Babu zetu wa pwani walipokiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, konsonanti na irabu yake zilishikana, herufi pamoja na alama yake ya juu au chini. Na watoto wa pwani wanapocheza kinyume ili mgeni asiwaelewe, hugeuza silabi, hawagusi herufi mojamoja. Mshairi, mwandishi wa zamani na mtoto wote watatu wanakubaliana kuhusu kipimo cha neno la Kiswahili. Mraba wetu peke yake ndio unaopinga.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mwalimu wa shule ya msingi ataniambia kwamba mtoto anahitaji kujua tahajia, herufi kwa herufi. Kweli, lakini silabi ndizo alizoanzia kusomea, a-e-i-o-u kisha ba-be-bi-bo-bu, na tahajia haipotei kwa kuandikwa pamoja. Mwingine atauliza kuhusu maneno ya mkopo kama labda na daftari, ambayo konsonanti zake zimegongana. Hayo ni magumu kweli, na washairi bado wanayabishania. Mtunzi aamue kanuni moja na kuiandika chini ya mraba, basi. Sharti hilo ni dogo kuliko fujo tuliyo nayo.

Tukishalifungua umbo, vidokezo navyo vitafunguka. Lugha yetu imejaa maneno yenye sura mbili, na Muyaka bin Haji wa Mombasa alituonyesha tangu karne ya 19 jinsi neno moja linavyoweza kubeba fumbo zima. Badala ya "sehemu ya juu ya nyumba", andika: "Mnyama aliyeifunika nyumba." Ni PAA. Badala ya "vazi la mwanamke", andika: "Ndege afungwaye kiunoni." Ni KANGA. Na kwa kuwa silabi zinageuzika, mtege mkulima wetu hivi: "Mali ikigeuzwa, hutaka jembe." Nilipomtegea hicho kwa kinyozi alinyamaza, akasema li na ma kwa vidole viwili, kisha akacheka hadi akakohoa. LIMA. Hakuna kamusi iliyompa jibu lile. Alilipata mwenyewe ndani ya lugha.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, ambalo wengine wataliona la mchezo. Kijana wa Keringet hana maktaba jirani. Kwake ukurasa huu ni darasa la Kiswahili la kila siku, tena darasa pekee analoliendea kwa hiari. Tukimpa orodha ya visawe na kumwambia jibu la mwenzake ni kosa bila sababu, atajifunza kwamba Kiswahili ni mtihani usiokwisha. Tukimpa fumbo lililofumwa kwa kipimo cha lugha yenyewe, atajifunza kwamba Kiswahili kinacheza, na kwamba naye anaruhusiwa kucheza.

Wahariri wa magazeti yetu wajaribu mraba mmoja wa silabi kwa juma, majibu yake yachapwe chini, juu-chini, ndani ya gazeti lilo hilo, ili anayeshindwa asingoje kesho isiyofika. Kidokezo cha kwanza nawapa bure, visanduku viwili: "Huambiwa teremka kila asubuhi, naye hakitoki kitanda." Ukishindwa, nipe mji.