Lugha ya Vibao vya Biashara Ndogo katika Masasi na Newala

Methali ya Kiswahili yasema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Wako wanaoitumia methali hii kuwabeza wenye maduka madogo wanaotundika vibao, kana kwamba mwenye bidhaa njema hana haja ya kuitangaza. Hukumu hiyo haikufikiriwa vema. Kibao hakijitembezi, husimama mahali pamoja, kikamngoja mwenye haja apite na kusoma. Methali yamlaumu mchuuzi amfuataye mtu hata nyumbani kwake na kumshurutisha kununua. Haimlaumu aliyeandika juu ya mlango wake kwamba humu mna fundi cherehani. Kwa hiyo jambo liwapasalo wataalamu wa lugha kuliuliza ni kama kibao chafanya kazi yake, na kwa maneno gani.

Masasi na Newala ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huu, kwa sababu wasomaji wa vibao vyake si wa namna moja. Masasi iko chini, upande wa magharibi wa uwanda wa juu wa Wamakonde, katikati ya vilima vya mawe. Huko ndiko walikofika mwaka 1876 watu walioachwa huru kutoka utumwani, wakiongozwa kutoka Unguja na Edward Steere, yule yule ambaye vitabu vyake viliwafundisha wageni wengi Kiswahili. Leo ni njia panda ya Mtwara, Tunduru na Newala. Na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe juu ya mto Ruvuma mwaka 2010, njia ya Msumbiji nayo imefunguka. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, na wengi wafikao dukani kwake ni majirani, au wakulima wa korosho kutoka vijijini. Kibao cha njia panda hakina budi kumweleza mgeni kazi ifanywayo, tena kwa maneno machache, maana msomaji yumo garini au juu ya pikipiki. Kibao cha mtaani chaweza kutaja jina la mwenyewe tu, kwa kuwa kazi yake yajulikana.

Lawama ya kwanza inayotolewa na wasomi ni ya tahajia. Huonekana "laisi" mahali pa "rahisi", na mara nyingine "chakura" mahali pa "chakula". Watu husema ni uzembe wa shule. Lakini Kimakonde na Kiyao havitumii sauti ya r kupambanua maana na sauti ya l, hali Kimakua, jirani yao, kinazo zote mbili. Anayeandika "laisi" amefuata sikio lake. Anayeandika "chakura" amejua kwamba sikio lake humdanganya, naye amejitahidi kulisahihisha kupita kiasi. Makosa haya ni ushahidi wa thamani kwa mwanaisimu, wala hayajapata kumzuia mteja mwenye njaa asiingie. Hata ramani ya serikali haina umoja: katika Newala hiyo hiyo, Chitekete na Chilangala vimeandikwa kwa kiambishi cha Kimakonde, na Kitangari kwa kile cha Kiswahili.

Kosa lililo kubwa zaidi ni lile lisiloonekana kuwa kosa. Mwenye chumba kimoja cha kuuzia misumari na saruji huandika juu ya mlango jina refu la Kiingereza, lenye maneno ya makampuni na uwekezaji, yote yakiwa na herufi sahihi. Mtu aliyetoka kijijini kutafuta bati asoma herufi zote na hapati habari hata moja. Kibao hicho kimemheshimu mwenye duka na kumwacha mnunuzi barabarani. Afadhali "bei laisi" yenye kueleweka kuliko ufasaha wa lugha ambayo mnunuzi haijui.

Tena si kila Kiswahili ni wazi kwa sababu ni Kiswahili. Maduka ya dawa vijijini yaliitwa zamani "duka la dawa baridi". Baadaye, kwa mpango ulioanza katika mkoa wa Ruvuma mwaka 2003 na kuenea katika mikoa mingine, yakapewa jina la "Duka la Dawa Muhimu". Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu, maana wauzaji walipewa mafunzo na kuruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti. Hata hivyo maneno mawili haya hayafanyi kazi moja. "Baridi" lilimwambia mnunuzi mpaka wa duka, kwamba humu hamna dawa kali. "Muhimu" lasifu kilichomo, wala halitaji mpaka wowote. Jina la kwanza lilionya, la pili lavutia. Mtu aendaye na mtoto mgonjwa alihitaji kuambiwa yote mawili.

Wataalamu Landry na Bourhis, walioandika mwaka 1997 juu ya lugha za mabango huko Kanada, waligawa kazi ya bango mara mbili: kutoa habari, na kuwa ishara ya hadhi ya wenye lugha. Mgawanyo huo ni wa manufaa, lakini ukichukuliwa bila hadhari utapotosha. Ni nadra kuona kibao cha Kimakonde katika Newala. Na mtu angeweza kukata shauri kwamba Kimakonde kimedhoofika. Asimame kidogo mlangoni asikilize. Kibao huandikwa Kiswahili, na bei huteremshwa kwa Kimakonde. Lugha ya ukutani na lugha ya kinywani zimegawana kazi, na mwenye kupiga picha za kuta peke yake amesikia nusu ya mazungumzo.

Liko neno moja linalopasa kukumbukwa hapa. "Nembo", ambayo leo ni alama ya kampuni au taasisi, zamani ilikuwa chale za usoni na mwilini zilizomtambulisha mtu ni wa kabila gani. Wamakonde waliziita dinembo, nao walijulikana mbali kwa uzuri wake. Nembo ilisema mtu huyu ni wa nani. Kwa kipimo hicho, jambo la kusikitisha katika miji hii, kama katika miji mingine ya Tanzania, ni kuta za maduka madogo zilizopakwa rangi za makampuni ya simu kutoka msingi hata paa. Mwenye duka hupata rangi bila gharama, na ukuta wake husitirika. Lakini jina la kampuni huwa na urefu wa mtu mzima, na jina lake mwenyewe, likiwapo, hubanwa pembeni. Duka la pili na la tatu hupakwa vivyo hivyo, na mgeni hawezi kumwelekeza mwenzake kwa kutaja ukuta. Huyo amevaa nembo ya mwingine, na kibao kilichokuwa cha kumtangaza kimemficha.

Basi shauri ni hili. Walinzi wa lugha wasianze na tahajia, wakamwaibisha mtu aliyejiandikia mwenyewe kwa brashi na mabaki ya rangi. Waanze na majina ya kazi: wapelekee mafundi wa vibao maneno mafupi ya Kiswahili yanayotaja bidhaa na huduma, ili asiyejua Kiingereza asipite mlango anaoutafuta. Na vibao vya mkono vikusanywe kwa picha, pamoja na mahali na mwaka, kabla ya mvua na mabango ya mashine kuvimaliza. Msimu wa korosho uanzapo mwezi wa Oktoba na fedha za minada kufika, kuta hupakwa upya. Na kilichofutwa msimu huu hakitasomwa tena na mtu.