Makapi Yasiyo Makapi: Juu ya Istilahi Moja ya Ufunguo wa Kwanta

Katika utaratibu wa Bennett na Brassard wa mwaka 1984, tarakimu za ufunguo wa siri hubebwa na fotoni, yaani chembe za nuru, kila moja ikipimwa kwa njia moja kati ya mbili, ichaguliwayo kwa bahati. Njia za mpelekaji na mpokeaji zisipolingana, tarakimu huachwa; kwa wastani nusu hupotea. Kitendo hiki twashawishika kukiita "kupepeta". Neno zuri, lakini ladanganya. Mkulima wa Likunja, wilayani Ruangwa, apepetapo ufuta hutupa makapi. Huku kitupwacho ni ufuta wenyewe. Msomaji asipotambua hayo, hataelewa kwa nini Lo, Chau na Ardehali walishauri mwaka 2005 njia moja ipendelewe: wote wawili wakiichagua mara 9 katika 10, hubaki tarakimu 82 katika 100. Lakini sharti makosa ya kila njia yahesabiwe mbali, la sivyo mdukuzi (kwa maana yake ya asili, asikilizaye kwa siri) ashikaye njia iliyozoeleka hupita, makosa yake yakimezwa na wastani. Mimi ningependelea "kuacha zisizolingana", ijapokuwa ni refu kwa kamusi.