Muuguzi na Barua: Kuhusu The Good Nurse

Kitenzi kuuguza kina ajabu yake. Kwa sura kimenyambuliwa kutokana na kuugua kwa kiambishi cha kusababisha, na kwa kanuni ya sarufi kingeweza kuwa na maana ya kumfanya mtu augue. Wasemaji wamekipa maana iliyo kinyume kabisa: kumtunza yule ambaye tayari anaugua. Kisa cha Charles Cullen, muuguzi wa Marekani aliyekiri mahakamani kuwaua wagonjwa 29, kinairudisha ile maana iliyokataliwa.

Kisa hicho kilisimuliwa na Charles Graeber katika kitabu The Good Nurse (2013), kisha Tobias Lindholm akakitengenezea filamu ya jina hilo hilo mwaka 2022. Jina lenyewe, yaani muuguzi mwema, lina kejeli iliyo wazi, na yamkini wengi wataridhika nayo. Walakini kejeli nzito zaidi ya kisa hiki haimo katika neno "mwema". Imo katika barua.

Cullen alifanya kazi kwa miaka 16, mpaka alipokamatwa Desemba 2003, katika hospitali 9 na nyumba moja ya wazee, huko New Jersey na Pennsylvania. Aliua hasa kwa digoksini na insulini, dawa ambazo muuguzi huzishika kila siku. Mara kwa mara minong'ono ilianza, akaondoka, akaajiriwa kwingine. Katika hospitali moja ya Pennsylvania, mwaka 2002, baada ya chupa za dawa ya hatari kugunduliwa mahali pasipostahili, aliruhusiwa kujiuzulu bila ya sifa yake kutiwa doa mbele ya waajiri wa baadaye. Msomaji wa riwaya ameizoea barua kama chombo cha kufichua: barua hufika, na siri hutoka. Hapa barua inaficha, tena bila ya kusema uongo hata mmoja. Tarehe ni za kweli, cheo ni cha kweli. Kilichokosekana ni wafu.

Graeber amelielewa jambo hili, na ndiyo sababu masimulizi yake hujirudiarudia: wodi mpya, vifo, minong'ono, kuondoka, wodi mpya. Fani hii inachosha, na hapana budi ichoshe, kwani msomaji hufika mahali ambapo anaiogopa barua kabla hajakiogopa kifo.

Filamu imeupoteza mrudio huo kwa kukibana kisa ndani ya hospitali ya mwisho. Imefidia kwa njia nyingine. Katika onyesho la kwanza mgonjwa anazidiwa na madaktari wanahangaika kumwokoa, lakini kamera haiwafuati. Inausogelea polepole uso wa Cullen aliyesimama kando akitazama. Mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Na katika kumchora Amy Loughren, muuguzi mwenziwe, filamu imekipita kitabu kwa ukali wa maudhui: mama huyu anayewalea binti zake peke yake ana maradhi ya moyo, naye analazimika kuuguza wengine usiku kucha kwa miezi kadhaa kabla hajastahiki bima ya kumwezesha yeye mwenyewe kutibiwa. Hospitali inayomnyima matibabu mfanyakazi wake kwa sababu ya hesabu ndiyo hiyo hiyo inayonyamaza kwa sababu ya hesabu. Maonyesho ya wapelelezi ni ya kawaida mno, hayahitaji maelezo. Dosari kubwa zaidi ni kwamba wakubwa wa hospitali wamepakwa rangi moja ya ubaridi, hata mtazamaji akapata adui wa pili wa kumchukia kwa urahisi, ilhali barua ile huandikwa na watu wa kawaida wanaoogopa kushtakiwa.

Kuhusu sababu ya mauaji, Cullen aliwahi kudai kwamba alitaka kuwapunguzia wagonjwa mateso, dai lisilosimama, maana baadhi yao walikuwa wakipata nafuu. Filamu haikulifuata. Inamwacha ajibu tu kwamba hakuzuiwa. Mhakiki anayetaka saikolojia atanung'unika. Hata hivyo jibu hilo linalirudisha swali kwa waandishi wa barua, mahali pake hasa. Sheria iliyopitishwa New Jersey mwaka 2005, inayozitaka hospitali zitoe habari za makosa ya wafanyakazi wao kwa waajiri wengine, ukiisoma vyema ni sheria kuhusu uandishi wa barua.

Onyesho lenye nguvu kuliko yote ni la chumba cha mahojiano. Wapelelezi wamekwisha kushindwa. Amy anaingia, anaomba pingu zifunguliwe, na kwa kuwa Cullen anaona baridi, anamfunika kwa sweta yake. Anamuuguza. Kisha anamuuliza majina ya wagonjwa, naye anaanza kuyataja, moja baada ya jingine.