Fremu 108 za Bendera Nyekundu

Filamu ya Manowari Potemkin haina rangi. Ni nyeusi na nyeupe tangu ile nyama yenye funza mwanzoni hadi omo la meli linalopasua maji mwishoni. Lakini aliyebahatika kupata nakala nzuri hukutana na sekunde chache zisizofuata sheria hiyo. Watu wa Odessa wamekwisha kumlilia Vakulinchuk, baharia aliyeuawa. Askari hawajaanza kushuka zile ngazi wakimimina risasi. Na hapo katikati bendera inapandishwa mlingotini. Bahari ni ya kijivu, mbingu ni ya kijivu, chuma cha manowari ni cha kijivu. Kitambaa peke yake ni chekundu.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Bolshoi, Moscow, tarehe 21 Desemba 1925, miaka 20 baada ya maasi ya mabaharia wa manowari hiyo mwaka 1905. Mwongozaji, Sergei Eisenstein, alikuwa na umri wa miaka 27. Mengi yameandikwa juu ya ngazi za Odessa, kile kigari cha mtoto na ile miwani iliyovunjika. Bendera hutajwa kwa sentensi moja, kisha mwandishi anaendelea na safari yake. Mimi naona ndiyo kazi ya ufundi iliyo ngumu kuliko zote katika filamu ile, kwa sababu ilibidi kuonyesha kitu ambacho kamera haikuwa na uwezo wa kukiona.

Tuanze na kamera. Ukanda wa filamu hupakwa tabaka jembamba lenye chumvi za madini ya fedha, na chumvi hizo hubadilika zikipigwa na mwanga. Ukanda uliotumika sana hadi katikati ya miaka ya 1920 uliitwa othokromati. Uliiona buluu vizuri mno, ukaiona kijani vizuri kiasi, na kwa nyekundu ulikuwa kipofu. Ndiyo maana mafundi wa kusafisha picha waliweza kuufanyia kazi chini ya taa nyekundu bila kuuharibu. Mwigizaji aliyepaka midomo rangi nyekundu alitokea na midomo myeusi. Mbingu ya buluu ilitoka nyeupe, kana kwamba hakuna mbingu.

Sasa tundika bendera nyekundu mbele ya kamera hiyo. Itatoka nyeusi, na bendera nyeusi juu ya meli ina maana yake ya zamani ambayo kila mtazamaji anaijua: hao ni maharamia. Wanamapinduzi wa mwaka 1905 wangegeuzwa majambazi wa baharini na kosa la kemikali. Wenye picha za kale za Unguja wanalijua jambo hili hata kama hawajui sababu yake. Bendera ya masultani ilikuwa nyekundu tupu, lakini katika picha nyingi za karne ya 19 inaonekana kama shuka jeusi linalopepea juu ya kasri.

Mtu anaweza kudhani dawa ni rahisi: piga picha ya bendera nyekundu, itoke nyeusi, kisha paka rangi juu yake. Haiwezekani, na sababu yake ndiyo kiini cha ufundi wote. Katika nakala inayopita kwenye projekta, sehemu nyeusi ni mahali ambapo chembe za fedha zimebaki na kuziba mwanga. Ukiipaka rangi sehemu hiyo, ni sawa na kupaka rangi dirisha lililozibwa kwa matofali. Sehemu nyeupe ndiyo iliyo wazi; pale seluloidi ni angavu, mwanga wa taa unapita, na rangi yoyote utakayoiweka itafika kwenye pazia la sinema ikiwa hai. Kwa hiyo, ili mtazamaji aone nyekundu, ilibidi bendera iliyopandishwa mbele ya kamera iwe nyeupe. Mpiga picha, Eduard Tisse, alirekodi kitambaa cheupe kikipanda juu ya mbingu, na kuanzia hapo kazi ikahamia mezani.

Fremu ya filamu ya milimita 35 ina upana wa milimita 24 hivi na kimo cha milimita 18. Ndani yake iwekwe meli, mlingoti na mbingu. Bendera inabaki na eneo la milimita chache tu. Inasimuliwa kwamba Eisenstein mwenyewe alishika brashi na kuzipaka rangi fremu 108, moja baada ya nyingine. Kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde, hizo ni sekunde saba kasoro kidogo. Kwa mwendo wa fremu 18 ni sita kamili. Ukizipitisha kwa fremu 24, kama zinavyofanya mashine za leo, ni nne na nusu.

Ugumu haukuwa kwenye idadi. Bendera haitulii. Kila fremu ina umbo lake: hapa ncha imejikunja, pale upepo umeijaza, fremu inayofuata nusu yake imejificha nyuma ya kamba. Ukimpaka rangi mtu aliyesimama, mkono wako unazoea mstari mmoja. Kwa bendera, kila fremu unaanza upya. Brashi ikivuka ukingo kwa nusu milimita tu, kwenye pazia kubwa la ukumbi kosa hilo linakuzwa mara mamia, na nyekundu inamwagika mbinguni. Ikipungukia ndani ya ukingo, bendera inabaki na pindo jeupe.

Haikuwa sanaa mpya. Huko Paris, Élisabeth Thuillier aliendesha karakana ya wanawake waliopaka rangi kwa mkono filamu za Georges Méliès, kila mmoja akipewa rangi yake. Kampuni ya Pathé ikaenda mbele zaidi: ilikata vielelezo vyenye matundu, ikavipitisha juu ya filamu ili rangi iingie mahali pake tu, na kwa njia hiyo ikatoa nakala nyingi. Wao walitaka picha nzima ipendeze: gauni liwe la waridi, moto uwe wa machungwa. Eisenstein aliinyima filamu nzima rangi, kisha akaitoa mahali pamoja. Nguvu yake inatokana na ubahili huo.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani lilimsaidia bila yeye kulipanga. Mkono wa binadamu haurudii. Wekundu wa fremu moja haulingani kabisa na wa inayofuata. Unazidi, unapungua, unahama kidogo. Katika picha ya nyumba kasoro hiyo ingekera. Katika picha ya bendera inageuka kuwa upepo. Anayeipaka sehemu hii upya kwa kompyuta na kusawazisha kila ukingo anaweza kupata rangi safi zaidi na bendera iliyokufa.

Na meli je? Potemkin yenyewe ilikuwa imekwisha kutiwa mikononi mwa wavunja vyuma. Iliyopatikana ni ndugu yake mzee, Mitume Kumi na Wawili, iliyofungwa kwa minyororo kwenye ufuko wa miamba huko Sevastopol na kutumiwa kama ghala la mabomu ya baharini. Sehemu zake za juu zilikuwa zimeondolewa, zikaundwa upya kwa mbao kwa kufuata michoro ya Potemkin. Ikageuzwa ili isimame mkabala na ufuko, kusudi kamera ikitazama upande mmoja ione maji matupu badala ya mawe. Mambo mengine yalirekodiwa ndani ya manowari Komintern, na kwa picha za mbali ulitumika mfano mdogo ulioelea kwenye bwawa la hamamu mjini Moscow. Waigizaji walikatazwa kuvuta sigara na kukimbiakimbia juu ya ghala lile. Katika kanuni za kimataifa za ishara za leo, bendera nyekundu ya herufi B maana yake ni kwamba chombo kinapakia, kinapakua au kimebeba mizigo ya hatari. Kwa kanuni hiyo meli ile ilistahili bendera nyekundu hata bila mapinduzi.

Nyekundu ilikuwa na kazi baharini zamani kabla ya vyama vya siasa. Enzi za matanga, meli iliyopandisha bendera nyekundu ilikuwa inatangaza ukaidi na utayari wa kupigana. Mwaka 1797 mabaharia wa Uingereza walioasi pale Nore, kwenye mlango wa mto Thames, waliipandisha juu ya meli za mfalme wao. Sababu ni ya macho. Bendera za ishara hutumia rangi tano tu: nyekundu, buluu, njano, nyeupe na nyeusi, kwa kuwa hizo ndizo ambazo jicho linaweza kuzitofautisha kwa mbali, kwenye ukungu na moshi.

Hapo ndipo filamu nyeusi na nyeupe inapoharibu kazi yote ya bendera. Mwishoni mwa Potemkin, kikosi cha manowari za mfalme kinakuja, na waasi wanapandisha bendera za ishara kuwaomba wenzao wajiunge. Kwa jicho la othokromati, nyekundu na nyeusi zinakuwa ndugu, buluu inafifia kuelekea nyeupe, njano inakolea kuliko ilivyo. Mwanamaji aliyefunzwa kusoma ishara angeketi ukumbini asiambulie kitu. Hata bendera ya jeshi la majini la Urusi, msalaba wa buluu wa mshazari juu ya nyeupe, inaponzwa na jicho hilohilo. Eisenstein aliweka maneno ya ishara kwenye maandishi ya pazia, na kuziachia bendera zenyewe kazi ya mwendo tu: vitambaa vinavyopanda haraka, mikono inayovuta kamba. Picha za kikosi kile nazo si za Odessa. Alizitoa kwenye filamu za zamani za habari zilizoonyesha mazoezi ya jeshi la majini la nchi nyingine.

Katika historia, kikosi kilikutana na Potemkin kweli na mizinga ikakaa kimya. Manowari moja, Georgii Pobedonosets, ikajiunga na waasi kisha ikawaacha. Filamu inakoma kwenye furaha ya mkutano ule. Haionyeshi Potemkin ikihangaika kutafuta makaa na maji, wala tarehe 8 Julai 1905 ilipojisalimisha kwenye bandari ya Constanța, ambako bendera ya Rumania ilipandishwa juu yake. Baadaye ilirudishwa Urusi na kubatizwa jina jipya, Panteleimon. Eisenstein alikata hadithi kabla bendera haijashuka, na kwa msimulizi wa filamu huo ulikuwa uamuzi sahihi, hata kama mwanahistoria atanuna.

Mwaka uliofuata baada ya Potemkin kuonyeshwa, 1926, Hollywood ilitoa The Black Pirate ya Douglas Fairbanks, filamu ya baharini yenye rangi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilitumia Technicolor ya rangi mbili: kanda mbili nyembamba, moja yenye rangi za wekundu na nyingine za kijani, zikagandishwa mgongo kwa mgongo. Nyekundu ilipatikana bila brashi. Lakini buluu halisi haikuwezekana kabisa, na kanda zile zilijikunja kwa joto la projekta hata picha ikapoteza ukali wake. Watengenezaji wakachagua rangi zilizopoa, za udongo na mbao kuukuu, ili macho ya watazamaji yasichoke. Nikizilinganisha, filamu yenye rangi kila mahali haina hata fremu moja inayonishtua kama zile 108.

Tatizo la njia ya Eisenstein ni kwamba haikuacha alama kwenye negativu. Rangi ilikaa kwenye nakala. Kila nakala mpya ilipochapwa, bendera ilitoka ilivyorekodiwa, nyeupe, mpaka mtu mwingine aketi tena na brashi. Filamu ilipelekwa Ujerumani mwaka 1926, ikakatwakatwa na wakaguzi, ikasambaa dunia nzima kwa nakala za nakala. Uingereza iliipiga marufuku hadi mwaka 1954. Vizazi vya watazamaji viliiona bila nyekundu hata chembe. Toleo lililokarabatiwa na kuonyeshwa Berlin mwaka 2005 ndilo lililoirudishia bendera rangi yake mbele ya umma mpana.

Baharini hilo si jambo dogo. Kwa kila jeshi la majini, bendera nyeupe mlingotini ni ombi la kusitisha mapigano. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari Königsberg ya Wajerumani ilipoivamia manowari Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga Unguja, Waingereza walisimulia kwa fahari kwamba bendera yao iliangushwa na risasi, askari wakaishika kwa mikono ili isionekane imeshuka. Miaka 18 kabla yake, bandarini hapohapo, mizinga ya Waingereza ilinyamaza bendera nyekundu ya kasri la Sayyid Khalid bin Barghash ilipodondoka. Watu wamekufa kwa sababu ya tofauti ya kitambaa kilichopanda na kilichoshuka.

Basi mtu akiitazama Potemkin kwa nakala isiyopakwa rangi, anaona manowari iliyoasi, umati ufukweni unaoshangilia, na waasi wanaopandisha bendera nyeupe. Kwa lugha ya baharini wanaomba mapigano yasitishwe, tena mbele ya watu wanaowapigia makofi. Anayetaka kuifundisha au kuionyesha filamu hii kwenye ukumbi wowote akague kwanza mwisho wa sehemu ya tatu. Bendera ikiwa nyeupe, atafute nakala nyingine.