Utoto na Ukweli katika Vitabu vya Vijiji vya Uingereza

Msomaji, mtu mzima akikumbuka mahali alipokulia, hupakumbuka kuwa pakubwa kuliko palivyo. Mto aliouogopa ni kijito. Mlima alioupanda kwa kuhema ni mwinuko tu. Na ua lililokuwa uwanja wa vita vyote vya utotoni halizidi hatua ishirini. Basi mwandishi wa kumbukumbu za utoto amesimama njia panda. Aandike alivyoona, ama aandike palivyokuwa? Waandishi kadha wa Kiingereza walioeleza vijiji vyao wamejaribu kuyafanya yote mawili kwa pamoja, na baadhi yao wamefaulu sana. Nataka tuwasome wachache kwa jicho la kupima. Vitabu vyao ni vizuri, na kitabu kizuri ndicho chenye uwezo wa kutudanganya, kibaya hatukimalizi.

Mimi hufundisha katika chuo cha walimu. Nilipowasimulia wanafunzi wangu kwa mara ya kwanza habari za kitabu cha Flora Thompson kiitwacho Lark Rise, mmoja wao alinyosha mkono akauliza kama watu wale walikuwa Waingereza kweli. Hakuwa akifanya mzaha. Mkulima wa kuajiriwa alipata shilingi kumi kwa juma, na pauni moja ilikuwa shilingi ishirini. Mama na watoto waliinama shambani baada ya mavuno kuokota masuke ya ngano yaliyosazwa. Wasichana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu walitoka nyumbani kwenda kuwa watumishi wa watu. Mambo hayo yalikuwa Uingereza yenyewe, katika miaka ya 1880, wakati bendera yake ilipokuwa ikipandishwa katika nchi za mbali. Swali la mwanafunzi yule lilinionyesha faida ya kwanza ya vitabu hivi: hutupa watu mahali pa sanamu.

Flora Thompson alizaliwa mwaka 1876 katika kitongoji cha Juniper Hill, jimbo la Oxfordshire. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe, na mama yake alikuwa yaya kabla ya kuolewa. Akiwa na umri wa miaka kumi na minne aliingia kazi ya posta katika kijiji cha jirani, na elimu yake kubwa aliipata kwa kujisomea. Alikuwa na miaka sitini na miwili kitabu kilipotoka mwaka 1939. Viwili vingine vilifuata mwaka 1941 na 1943, kisha vyote vitatu vikaunganishwa mwaka 1945 kwa jina la Lark Rise to Candleford. Ndani yake mwandishi hajiiti Flora. Amejipa jina la Laura, akajitazama kwa mbali kidogo kama amtazamaye mtoto wa jirani. Hila hiyo ndogo ina manufaa makubwa. Humwezesha kusema mtoto alichohisi, kisha papo hapo akasema mtu mzima anachokijua.

Tazama habari ya nguruwe. Kila nyumba ilikuwa na banda la nguruwe, na watoto wakitoka shule walimwokotea majani na konokono njiani. Siku ya Jumapili wanaume walitembeleana mabandani, wakasimama kumkuna mgongo na kumsifu. Lakini mwandishi huyu anajua bei ya vitu. Anatueleza kuwa mara nyingi sehemu ya nyama ilikuwa imekwisha kuahidiwa mwenye duka au msaga unga kwa deni la chakula cha mnyama yule, hata kabla ya kisu kunolewa. Kisha yaja machinjo, usiku kwa mwanga wa taa, kwa kuwa mchinjaji alikuwa na kazi yake nyingine mchana. Jamaa wote wanashangilia. Laura peke yake anaingia mahali nyama ilipotundikwa, anaugusa ubavu uliokwisha poa, anarudi kitandani kimya kimya na kulia. Hapo, msomaji, uchumi wa nyumba na moyo wa mtoto vimekaa katika kurasa chache, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe. Sijui mwandishi mwingine wa mambo haya aliyempita katika sanaa hiyo.

Sifa yake ya pili ni kwamba alijua kuwauliza wazee. Katika kitongoji kile palikuwa na bibi mmoja mkongwe anayeitwa Sally kitabuni, mwenye nyumba nzuri kuliko za wengine na saa kubwa ya kusimama. Sally alikumbuka zama ambazo mahali pale palikuwa nyika ya wazi isiyo na ua, na baba yake alifuga ng'ombe, mabata bukini na kuku, akawa na punda wa kuvuta gari. Mtoto Laura akastaajabu. Ilikuwaje watu wa kale wawe na mali kuliko wa sasa? Jibu ni historia kubwa ya Uingereza nzima. Tangu karne ya 18 mpaka ya 19, kwa sheria moja baada ya nyingine za Bunge, ardhi zilizotumiwa na wote zilizungushiwa nyua na kugawiwa wenye haki zilizoandikwa. Mnyonge aliyekuwa akilisha ng'ombe wake mmoja juu ya ardhi ya wote akabaki na mikono yake tu, ya kuiajirisha kwa shilingi kumi. Mambo hayo yamo katika vitabu vya historia, lakini mtoto aliyesimama mbele ya saa ya Sally ameyafanya yashikike.

Hata hivyo sitaki umwamini kwa kila neno. Flora Thompson ni mpole kwa umaskini. Husema watu wake walikuwa na furaha wasiyokuwa nayo waliokuja baada yao, na huenda ni kweli. Lakini wazazi wake mwenyewe walizaa watoto kumi na wawili, na sita tu ndio waliofika utu uzima. Msomaji wa Lark Rise hawezi kulikisia jambo hilo kwa urahisi. Nyumba ya Laura ina uchache wa vitu na wingi wa adabu. Vilio vya wazazi vimewekwa nyuma ya mlango. Je, alisahau? Nadhani hakusahau. Ziko huzuni ambazo mtu huziweka mbali ili aweze kuandika mengine. Ni haki yake kufanya hivyo. Nasi tuna haki ya kufungua madaftari ya kanisa, yanayoorodhesha waliobatizwa na waliozikwa, na kuhesabu.

Mwandishi wa pili ni Laurie Lee, na kitabu chake ni Cider with Rosie, kilichotoka mwaka 1959. Cider ni pombe ya matofaa, na kunywewa kwake chini ya gari la nyasi kavu ni sehemu ndogo tu ya kitabu. Lee alizaliwa Stroud, jimbo la Gloucestershire, mwaka 1914, akahamishiwa kijiji cha Slad akiwa na miaka mitatu. Kitabu kinaanza siku hiyo ya kuhamia: mtoto anateremshwa kutoka garini, anajikuta katikati ya nyasi zinazompita kimo, anapiga yowe. Lee alikuwa mshairi, na hapa ushairi wake una kazi ya kufanya. Nyasi ni refu kwa sababu mtoto ni mfupi; hakuna uongo hapo hata kidogo.

Baba yake aliiacha jamaa, akaenda kukaa London. Mama alilea watoto wake pamoja na watoto wa mke wa kwanza wa mume huyo asiyerudi, akaendelea kumngojea miaka mingi. Mama huyo, mwenye maua kila chombo, mwenye kuchelewa kila safari, na mwenye kicheko hata penye deni, ndiye uhai wa kitabu. Pia wamo mabibi wawili wakongwe walioishi mmoja juu ya mwenziwe katika nyumba moja, wasiosemezana, wanaogonga sakafu na dari kwa bakora, kila mmoja akiishi kwa nia ya kumzika mwingine. Mmoja alipokufa, wa pili hakukawia kumfuata. Kurasa hizo hazichoshi.

Lakini iko sura moja inayonisumbua. Mwana wa kijiji aliyekwenda New Zealand akatajirika alirudi wakati wa Krismasi, akajivuna kilabuni mbele ya vijana maskini. Usiku ule walimvizia, wakampiga, wakamwacha katika theluji, akafa. Polisi walikuja wakauliza, na kijiji kizima kikanyamaza. Lee anasimulia kwa ustadi wa kutisha. Ila nahisi kwamba anauonea fahari ukimya ule, kana kwamba ulikuwa ukuta wa kuilinda jamaa. Ulimlinda nani? Marehemu naye alikuwa mwana wa kijiji. Mtoto aliyekuwa akisikiliza minong'ono hana lawama. Lakini mwandishi alikuwa na miaka arobaini na mitano, na alikuwa na nafasi ya kuuliza kwa niaba ya aliyekufa. Hakuuliza.

Na liko kosa la pili, dogo kwa sauti, kubwa kwa maana. Lee anatuambia kuwa utoto wake uliangukia mwisho wa maisha ya miaka elfu, maisha yaliyokwenda kwa mwendo wa farasi, mpaka motokaa ilipopanda bonde na kuyavunja. Maneno hayo yanapendeza sana. Lakini Slad ni mwendo wa maili mbili hivi kutoka Stroud, na Stroud ulikuwa mji wa viwanda vya nguo tangu zamani. Kitambaa chake chekundu kilishonewa makoti ya askari. Treni ilifika hapo mwaka 1845, karibu miaka sabini kabla Lee hajazaliwa. Dada zake wenyewe waliteremka mjini kila siku kwenda kazini. Miaka elfu ya kimya haikuwako. Kilichokwisha ni utoto wa Laurie Lee, naye akausikia mlio wa kwisha kwake katika mlio wa motokaa. Mwandishi alitahadharisha mwanzoni mwa kitabu kwamba mengine huenda yamepindwa na wakati, nami namsifu kwa hilo. Ni wachache wanaokumbuka tahadhari hiyo wakifika mwisho.

Raymond Williams, naye mwana wa kijiji cha mpakani mwa Wales, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1973 kwamba kila kizazi cha waandishi wa Kiingereza huona zama njema zimepita juzi tu, na ukiwauliza waliokuwako juzi, wao nao huonyesha nyuma zaidi. Sally huonyesha nyika ya baba yake, Flora Thompson huonyesha miaka ya 1880, Lee huonyesha siku za kabla ya motokaa.

Ikiwa kumbukumbu hupotoka hivyo, iko njia nyingine, nayo tuifuate kaskazini, katika mabonde ya Yorkshire. Huko waliishi Marie Hartley na Joan Ingilby, wanawake wawili waliofanya makao yao kijiji cha Askrigg, katika bonde la Wensleydale. Hawakuandika utoto wao. Waliandika ya wengine. Walizunguka mashamba, wakawahoji wazee, wakaomba vyombo vilivyotupwa vyumba vya nje, na Hartley, aliyekuwa mchoraji, akavichora. Mwaka 1951 walitoa kitabu juu ya wafumaji wa soksi wa mabonde hayo. Humo twaona wanaume, wanawake na watoto wakifuma wakienda sokoni na wakichunga mifugo, sindano moja ikiwa imeshikizwa katika kijiti cha mbao kilichochomekwa mkandani ili mkono upate wepesi. Jioni za baridi walikusanyika nyumba moja ili kutumia moto mmoja, wakifuma na kuimba. Mwenye kutaka uzuri wa kale ataupata katika nyimbo hizo; waandishi hawa hawatuachi tusahau kuwa moto mmoja ulikuwa kwa ajili ya uhaba wa kuni na mishumaa, na kwamba soksi zilikuwa nyongeza ya pato lisilotosha.

Vyombo walivyokusanya wakavitoa kwa watu wote, na leo vimo katika jumba la makumbusho mjini Hawes. Kazi yao ni ya kuaminika kuliko ya Lee. Lakini nikiri kuwa nimekifunga kitabu chao mara mbili nikisinzia. Kijiti cha mfumaji kimepimwa na kuchorwa kila upande. Ni kwa nadra tunaambiwa mtoto aliyekuwa akifuma gizani aliwaza nini.

Kwa hiyo namrudia Flora Thompson, ambaye kwangu ndiye aliyekaribia zaidi kuyapatanisha haya. Anapofika mwisho wa Lark Rise hasemi kuwa motokaa ilikiua kijiji. Anatupeleka kanisani, kwenye bamba la shaba lililobandikwa ukutani baada ya vita vya 1914 mpaka 1918. Kutoka kitongoji kile kidogo walikufa kumi na mmoja, wale wale wavulana tuliowaona wakimwokotea nguruwe majani. Majina yamepangwa, na la mwisho ni la Edmund, ndugu yake Laura. Katika maisha ya kweli aliitwa Edwin, naye aliuawa karibu na Ypres mwaka 1916.